Mzaha Unaojulikana na Nusu ya Kikundi

(Mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)

  Leo hatutasema juu ya mbuzi wa maziwa wala juu ya hisa. Tutasema juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, ati ni mzaha tu. Ni ule mtindo wa kutia katika mazungumzo ya kikundi, na hasa katika ujumbe wa WhatsApp, majina na maneno yaliyotoka katika filamu, katika nyimbo na katika vipindi vya televisheni, ambayo wanaoyafahamu ni wachache.

Tuanze na kisa. Kikundi chenyewe hatutakitaja, na wenyewe kama wako hapa tunaomba wanyamaze. Wana sanduku la pesa lenye makufuli matatu, kama wengi wenu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Ilitokea kwamba mweka hazina alizifuatilia pesa za mikopo zilizokuwa zimelala miezi mingi, nyumba kwa nyumba, akazipata zote. Kijana mmoja alifurahi mno, akaandika katika simu: "Mweka hazina wetu ni Makmende." Wenzake wakacheka, wakatuma picha za ngumi na za moto. Yule mama, mtu wa miaka arobaini na kitu aliyekulia Nairobi, aliusoma ujumbe akanyamaza. Mkutano uliofuata hakuja. Wa pili pia hakuja, na ufunguo ulikuwa kwake. Sanduku halikufunguliwa. Mama mwingine aliyekuwa ameahidiwa mkopo wa karo ya kidato cha kwanza alirudi nyumbani mikono mitupu, mara mbili.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Hapa mtusikilize vizuri, kwa sababu jina hili lina historia.

Watoto wa mitaa ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimwita Makmende yule mwenzao aliyejifanya shujaa, anayetaka kupigana na watu asiowaweza. Inasemekana neno lenyewe lilitokana na maneno ya Kiingereza ya mwigizaji wa Marekani, Clint Eastwood, katika filamu iitwayo Sudden Impact ya mwaka 1983. Watoto waliyasikia upesi upesi, wakayageuza yakawa jina la mtu. Kuitwa Makmende siku zile kulikuwa ni kuchekwa. Unajifanya nani wewe? Ndiyo maana yake. Halafu mwezi wa Machi 2010 bendi ya Nairobi iitwayo Just a Band ilitoa video ya wimbo wao Ha-He, na shujaa wa video hiyo ni Makmende, mtu wa kupiga maadui wote. Video ilienea katika intaneti, watu wakawa wanatunga vichekesho juu ya nguvu zake kila siku: hakuna kinachomshinda, hakuna anachoogopa. Basi kumwita mtu Makmende kukawa ni kumsifu.

Mnaona? Kijana alikuwa na video ya 2010 kichwani. Mama alikuwa na mtaa wake wa utotoni. Mmoja alisifu, mwingine akasikia anaambiwa kwamba anajifanya mkubwa kwa pesa za watu. Na wale wanachama wa umri wa nyanya zetu hawakusikia sifa wala tusi. Waliona tu watu wanacheka jina la mweka hazina, wakaanza kuulizana chini chini kama pesa ziko salama. Kicheko usichojua kilikotoka huacha pengo, na mtu hulijaza pengo hilo mwenyewe. Mara nyingi hulijaza kwa hofu, hasa kama akiba yake iko sandukuni.

Shauri lilikwisha katibu alipokwenda kwa mama huyo jioni na kumwonyesha ile video. Aliitazama mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hivyo huyu ndiye mimi?" Akacheka, akatoa ufunguo. Lakini msichana wa karo alikuwa ameripoti shuleni amechelewa.

Tusiwaonee vijana peke yao, jameni. Sisi wenye mvi tunafanya vivyo hivyo, ila mizaha yetu ni ya redio. Mzee akikasirika kwa kuona mtu amechelewa mkutanoni, husema, "Je, huu ni ungwana?" Wenzake wa rika wanatabasamu, kwa sababu wanaisikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kipindi chenye jina hilo mwaka 1966 na kukiendesha miaka mingi mpaka taifa zima likajifunza adabu kwake. Mbotela alifariki Februari 2025. Lakini msichana aliyezaliwa mwaka 2004 anadhani ameulizwa swali la kweli, na anaanza kujitetea. Au mwenyekiti anamwambia katibu, "Usiniletee mambo ya Mzee Ojwang hapa." Katibu hajui kwamba Ojwang ni yule wa Vitimbi, mume wa Mama Kayai, ambaye mwigizaji wake, Benson Wanjau, alifariki mwaka 2015. Anaulizauliza ni Ojwang yupi, wa kijiji gani.

Na kuna jina ambalo hata sisi wa kanisani tuliangalie. Zakayo tunamjua kutoka Injili ya Luka, yule mfupi aliyepanda mkuyu. Tangu mwaka 2023, wakati wa ubishi juu ya Sheria ya Fedha, Wakenya walilichukua jina hilo wakampa Rais William Ruto kwa ajili ya kodi. Katekista akiandika katika simu ya kikundi kwamba Zakayo alishuka akarudisha mali mara nne, yeye anahubiri toba, na nusu ya wanachama wanasikia siasa. Jina ni lile lile, wala hakukosea Maandiko.

Je, tunasema watu wasitaniane? Hapana. Kikundi kisicho na mzaha ni kama mazishi ya kila wiki, na watu watakikimbia. Neno mnalolijua ninyi wawili au watatu huwafanya muwe kitu kimoja, na hiyo ni raha kubwa. Hata Kiswahili chenyewe kinapenda fumbo. Tazameni kanga: akina mama wa Pwani hununua kanga kwa maneno yake, na jirani akipita nayo mbele ya mlango ujumbe umefika bila mdomo kufunguliwa. Lakini maneno ya kanga yameandikwa pale pale kwenye nguo, kila anayejua kusoma ayasome, na methali tumefundishwa sote na wazazi. Mambo ya filamu siyo hivyo. Ni ya yule aliyekuwa na televisheni, mwaka ule, na bando za kutosha kuitazama video. Mwaka ukipita hata wao wenyewe wameyasahau. Kwa hiyo mtu asipoelewa si kwamba ni mjinga. Hakuwepo, basi.

Tena kuna hili la simu. Wanachama wengi wazee wana zile za mulika mwizi, WhatsApp haifiki. Wengine wanayo simu kubwa waliyonunuliwa na mtoto aliye Nairobi, lakini anayewasomea ni mjukuu wa darasa la nne. Mjukuu anasoma neno kwa neno, pole pole, kama anavyosoma kitabu cha shule. Mzaha unamfikia nyanya bila kicheko, bila uso wa aliyeusema, na bila ile picha iliyokuja nao. Sauti ya mtoto haina utani. Nyanya anapokea kila neno kama lilivyo.

Tutawapa mfano wa tangazo. Katibu mmoja, kijana hodari kweli kweli, aliandika: "Ijumaa ikipita na hujalipa, Thanos atapiga kidole." Wanaojua walijua. Thanos ni yule jitu la filamu ya Avengers: Infinity War ya mwaka 2018, anayepiga kidole kwa kidole mara moja na nusu ya viumbe wote hutoweka. Maana ya katibu ilikuwa kwamba wasiolipa wataondolewa. Lakini mzee mmoja alielewa kwamba Thanos ni dalali wa mnada. Akauza kuku watatu sokoni kwa bei ya hasara ili alipe kabla dalali hajaingia boma lake. Alikuwa na siku kumi nzima za kulipa bila faini, lakini hilo halikuandikwa! Sisi tuliposikia hatukujua tucheke au tulie. Kuku ni kuku, lakini mmoja alikuwa anatotoa.

Tangazo lile lingeweza kusema: "Mchango wa mwezi huu ni shilingi mia mbili. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo una siku kumi, ndipo utozwe faini." Likishaandikwa hivyo, katibu akitaka kuongeza Thanos wake chini, aongeze. Sisi hatuna ugomvi na Thanos. Tunachoomba ni kwamba pesa, tarehe, mahali, na jina la mtu anayesifiwa au kulaumiwa, vikae katika maneno ambayo mjukuu wa darasa la nne anaweza kuyasoma na nyanya akayaelewa.

Na mtu akiuliza "hiyo ni nini?", msimcheke. Hili tunalisema kwa nguvu kwa sababu tumeliona mara nyingi. Mtu mzima huuliza mara ya kwanza, akichekwa atauliza mara ya pili kwa shida, na mara ya tatu haulizi tena. Anaanza kuitikia tu. Ndipo siku ya kupiga kura juu ya mkopo mkubwa anainua mkono pamoja na wengine, na hajui amekubali nini. Katika vikundi vingine wameweka mtu mmoja, si lazima awe ofisa, wa kupigiwa simu faraghani na yeyote ambaye hakuelewa. Mahali pengine mtu huyo ni mama wa makamo anayetazama televisheni pamoja na watoto wake, na anafaa sana, maana anazijua pande zote mbili.

Sasa, chai iko tayari lakini itangoja kidogo. Makatibu, toeni simu zenu. Kila mmoja akae na mwanachama mzee kuliko wote waliokuja kutoka kikundi chake, amsomee matangazo matano ya mwisho kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kufafanua. Kisha mzee aseme ni lini, ni wapi, na ni shilingi ngapi. Tutapita meza kwa meza kusikiliza.