Watoto Wetu Wamehesabiwa?

(Maneno kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi)

Mmeniomba niongee juu ya hesabu za afya zinazotangazwa na serikali. Najua hesabu huleta usingizi, hasa baada ya chai, lakini hizi ni za watoto wetu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2014 ulipata 52, na wa 2022 ukapata 41. Hiyo ni habari njema kweli. Chanjo, neti za mbu na dawa za ukimwi zimefanya kazi.

Sasa tuje kwetu. Uchunguzi wa 1998 ulisema Nairobi nzima walikufa watoto 62 kwa kila 1,000, na mashambani 113. Watu wakasema, kumbe mjini kuna afya! Mwaka wa 2000 shirika la APHRC likahesabu vijiji vya mabanda peke yake, likapata 151. Hao ni watoto watatu katika kila 20. Mabanda ya Embakasi yalipita 250. Mnaona? Hesabu ya mtoto wa Embakasi ilichanganywa na ya mtoto wa Karen, kisha ikagawanywa, na kifo chake hakikuonekana. Kuhara na homa ya mapafu ndiyo yaliwamaliza wengi: bomba limepasuka ndani ya mtaro, choo kimoja ploti nzima. Hesabu iliporudiwa mwaka wa 2012 ilikuwa imeshuka hadi karibu 80, lakini bado juu kuliko ya nchi nzima.

Ninyi mna hesabu tayari. Kila kikundi kina daftari la matanga: nani amefiwa, tumechanga ngapi, mwili umesafirishwa wapi. Ongezeni umri wa marehemu, mwezi, na ploti alikokaa. Ugonjwa usiandikwe. Hiyo ni siri ya nyumba, na mkiiandika watu wataacha kusema ukweli. Baada ya mwaka, mkiona watoto wanne wa mtaro mmoja wamekufa wakati wa mvua ndefu, hamtakwenda kwa mwakilishi wa wadi na malalamiko matupu. Mtamfungulia daftari.

Halafu kuna mtoto mchanga. Wengi wetu tukifiwa na mtoto wa wiki mbili tunamzika kimya kimya, hata cheti cha kuzaliwa hatujakiulizia. Kwa serikali, mtoto huyo hakuzaliwa na hakufa. Sheria inataka vyote viwili viandikishwe ndani ya miezi sita. Aliyefia nyumbani, mwambieni chifu msaidizi. Na yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlangoni na simu ya kuandikia, msimfiche.

Mkutano ujao, kila karani aje na daftari lake tupige mistari pamoja. Rula ninayo.