Plasta ya nikotini na haki ya mchuma tumbaku



Leo nazungumza na wale wanaotaka kuacha tumbaku wakashindwa, na hasa wanaoishi kwa kuilima.

Mkulima wa tumbaku anaujua ugonjwa wa wakati wa kuchuma. Unaingia shambani alfajiri, majani yana umande, unayabeba kwapani mpaka shati linalowa. Jua likipanda, kichwa kinagonga, unahisi kizunguzungu, unatapika. Ni rahisi kudhani ni malaria. Kumbe mara nyingi ni nikotini: imeyeyuka kwenye umande, ikapenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Ugonjwa huo ndio uliozaa dawa ninayotaka kuieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, watafiti Murray Jarvik na Jed Rose walivutiwa na habari za wachuma tumbaku wa kusini mwa Marekani waliokuwa wakiugua vivyo hivyo. Wakajiuliza: ikiwa ngozi inaweza kupitisha nikotini ya kumlaza mtu, haiwezi kupitisha kidogo kidogo ya kumtuliza anayeacha sigara? Hawakupata idhini ya kuwafanyia watu wengine majaribio, wakajibandika tumbaku kwenye ngozi zao wenyewe, na mapigo ya moyo yakapanda. Mwishoni mwa mwaka 1991 plasta ya nikotini ikaidhinishwa Marekani, na tangu 1996 inauzwa huko bila cheti cha daktari.

Kwa nini mvutaji aongezewe nikotini? Kwa sababu mazoea yana taabu. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo huzoea kuidai. Ukiacha ghafla, alosto inakushika: hasira za haraka, usingizi kukimbia, njaa isiyoisha, mawazo kutotulia. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, kisha hali hupungua kwa muda wa wiki kadhaa. Wengi hurudia sigara katika siku hizo, halafu jamii inawaita dhaifu. Si haki. Huyo ni mgonjwa aliyeachwa peke yake.

Plasta hutoa nikotini polepole siku nzima, bila lami na bila hewa ya sumu ya moshi, vitu vinavyoharibu mapafu na moyo. Kwa kawaida anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Asiyezidi sigara 10 huanzia 14. Hubandikwa asubuhi sehemu ya juu ya mkono, kifuani au mgongoni, mahali pakavu pasipo na nywele, na kesho yake sehemu nyingine ili ngozi isiwashe. Ikikuletea ndoto za kutisha, ibandue unapolala. Usiikate, na iliyotumika ikunje uifiche mbali na watoto. Mjamzito, na aliyepata shambulio la moyo karibuni, aanze kwa daktari.

Kwa mkulima naongeza neno. Ukiwa na plasta mwilini, usiende kuchuma majani yenye umande, maana nikotini itakuingia kwa njia mbili. Na hata usipokuwa nayo, vaa glavu na nguo isiyopenya maji.

Utafiti mwingi umeonyesha kwamba dawa za nikotini, plasta ikiwamo, huongeza uwezekano wa kufaulu kuacha sigara kwa asilimia 50 hadi 60. Hazimfanikishi kila mtu, na kwa watumiaji wa ugoro ushahidi ni hafifu zaidi. Mtu bado anahitaji nia yake, na mke, mume au rafiki wa kumvumilia. Lakini nia peke yake tumeidai kwa watu wetu vya kutosha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania walikuwa wakitumia tumbaku. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 14.6. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwasaidia watu kuacha. Mwaka 2009 shirika hilo likaiweka plasta kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ahadi hiyo ya kuwasaidia watu inapaswa kufika mpaka zahanati ya kijiji.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Sigara huuzwa moja moja dukani, kwa hiyo hata mwenye sarafu chache anaipata. Plasta huuzwa kwa pakiti na inahitajika hadi wiki 10. Kwa kipato cha msimu, mwanakijiji akiambiwa ailipie yote mara moja, ataichagua sigara.

Lakini kila msimu halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwenye tumbaku. Naomba sehemu ya fedha hiyo inunue plasta, wahudumu wa zahanati wafundishwe kuzitumia, na mgonjwa apewe za wiki moja moja huku akifuatiliwa. Msikilizaji, bajeti ya halmashauri inapopangwa, muulize diwani wako swali hili mbele ya mkutano wa kijiji: katika ushuru wa tumbaku yetu, ni kiasi gani kimetengwa kwa wanaotaka kuiacha? Na asipokuwa na jibu, usikae chini mpaka akupe tarehe ya kulileta.