Jina la Aliyechukua Damu

(Mada iliyotolewa na Padre katika semina ya viongozi wa walei, Nyakatuntu)



Tume ya Haki na Amani imeniomba niseme mintarafu ubaguzi wa rangi na kabila katika kazi za sayansi. Mzee mmoja ameniuliza mlangoni, “Baba, jambo hilo latuhusu nini sisi wakulima wa kahawa?” Nilimjibu kwa neno moja: Marburg. Akanyamaza. Mwaka 2023 ugonjwa huo uliwaua watu 6 kule Bukoba Vijijini, na Januari 2025 ulizuka tena Biharamulo. Jina lake ni la mji wa Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda, jirani zetu hapa.

Ugonjwa huo una ndugu yake, Ebola. Mwaka 1976 ulizuka Yambuku, nchini Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, katika hospitali ya misheni iliyohudumiwa na masista Wabelgiji. Daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Hakuwa mganga wa kubahatisha. Alikuwa amepata shahada ya udaktari katika elimu ya virusi huko Leuven, Ubelgiji. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuwepo, na damu ikamchuruzikia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni. Alimsihi sista mmoja mgonjwa afuatane naye hadi Kinshasa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Ubelgiji kupimwa. Kwa miaka mingi, kila iliposimuliwa habari ya kugunduliwa kwa Ebola, yalitajwa majina ya watafiti wa Ulaya na Marekani. Jina la yule aliyeiweka roho yake rehani Yambuku halikusikika sana.

Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka Kikwit. Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Wagonjwa 7 wakaishi. Mabingwa wa ng’ambo walilipuuza jambo hilo, wakisema halikufanyika kwa kufuata taratibu za utafiti. Tuwe wakweli: taratibu hizo zina maana yake, na wagonjwa 8 ni wachache. Lakini walioona haja ya kulifuatilia kwa bidii hawakuwa wengi. Hatimaye, kutokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, ilitengenezwa dawa iliyojaribiwa mashariki ya Kongo, na mwaka 2019 ikaonekana kwamba inaokoa maisha. Mwaka huohuo Muyembe alitangaza kwamba sampuli za damu zitabaki Kongo. Atakayetaka kuzichunguza na aende huko. Nasi, mwaka 2025, damu ya Biharamulo ilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, humu humu mkoani Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam.

Hatukufika hapo kwa urahisi. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa: za Wazungu, za Waasia, na za Waafrika. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walitutawala miaka 43, wakatuachia wahandisi 2 na madaktari 12. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes, namba 29, wafundisha kwamba ubaguzi wa rangi, hali au lugha ni kinyume cha mpango wa Mungu.

Hata hivyo, hati hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Humu mkoani, Ihungo, Kahororo na Nyakato zote ziko Bukoba. Karagwe ilichelewa, nasi tulilalamika. Je, sisi tuliolalamika tumefanya nini?

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya parokia moja, nisiyoitaja, kuchagua mtoto wa kulipiwa masomo ya sayansi kidato cha tano. Binti mmoja aliwashinda wote katika fizikia na kemia. Baba yake alikuwa kibarua aliyetoka ng’ambo ya Mto Kagera. Mjumbe mmoja akasema, “Huyo si wetu.” Hakuna aliyembishia. Nami, padre, mwenye kura, nilinyamaza, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilitaka kikao kifungwe. Fedha zilikwenda kwa kijana wa mjumbe mwenzetu, ambaye baada ya muhula mmoja aliacha masomo ya sayansi. Binti nilimkuta baadaye akipalilia mashamba ya watu kwa ujira. Alinisalimu kwa heshima, “Shikamoo, Baba.” Sikuweza kumtazama usoni.

Fomu za maombi ya mwaka huu ziko kwa katibu. Nimeagiza kifutwe kile kipengele kinachouliza kabila na mahali alikozaliwa baba. Alama za masomo ziandikwe kwanza, na jina la mwombaji lifunikwe mpaka kura zimalizike.