Tumbo Lililowahi Kupasuliwa

Msikilizaji, kovu la upasuaji halibaki kwenye ngozi tu. Ndani ya tumbo, nyuzi za kovu huweza kuushika utumbo na kuukunja, hata miaka mingi baada ya kujifungua kwa upasuaji au kutolewa kidole tumbo. Njia ikiziba, tumbo husokota kwa vipindi na kujaa, unatapika, hupati choo wala kutoa ushuzi. Hilo la ushuzi wengi huona haya kulisema. Mwambie daktari, linamsaidia sana.

Tafadhali, usinywe dawa ya kulainisha choo wala kulazimisha chakula. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Wengi hupona kwa dripu na mpira unaopitishwa puani kutoa yaliyojaa tumboni. Lakini maumivu yasiyokatika, pamoja na homa, huashiria kwamba huenda utumbo unakosa damu: hapo upasuaji hausubiri asubuhi.