RUHUSA YA KUNUNUA CHUMA CHA NJE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa chuma wa Kibera na Kawangware)



Kibera si mgeni kwa jeshi. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa askari Wasudani wa King's African Rifles. Leo twasema juu ya vyuma ambavyo jeshi na ofisi nyingine za Serikali hununua.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 155, yataka vitu vya Kenya vitangulizwe. Ofisi ikitaka kitu kisichotengenezwa hapa, mkubwa wake lazima aagize iandikwe ripoti yenye ushahidi kwamba hakikupatikana nchini. Tena mwenye kupata tenda lazima alete ufundi au kazi kwa watu wetu.

Basi ruhusa ya kununua nje ipo, wala hatuipingi. Tusidanganyane: chuma cha injini ya ndege hakitoki katika tanuri zetu, ambazo huyeyusha vyuma chakavu, vile vile wanavyookota vijana wetu mitaani. Hata Marekani, yenye viwanda vikubwa, ina sheria ya namna hii tangu mwaka 1941, na metali maalumu ziliongezwa miaka ya 1970. Nao wameacha mlango: waziri akithibitisha kwamba metali nzuri ya kutosha haipatikani kwao kwa wakati unaotakiwa, jeshi laweza kununua kwingine.

Lakini askari halali juu ya injini ya ndege. Hulala juu ya kitanda. Kitanda, sanduku la chuma, rafu ya stoo, lango la kambi: vitu hivi mafundi wetu huvifanya kila siku kando ya barabara. Twajua ulinzi una siri zake, na sheria yakubali orodha ya siri. Kitanda si siri.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kabla ya ruhusa kutolewa, mafundi wa hapa waulizwe. Pili, sababu iandikwe, na isomwe na kila mtu pale ambapo si jambo la siri. Tatu, ruhusa iwe ya tenda ile moja tu, isigeuke desturi.

Na sisi tuna wajibu wetu. Fundi mmoja mwenye mashine moja ya kulehemu hawezi kutoa vitanda elfu kwa mwezi, na hapo ndipo ofisi itakapoandika: "Hawawezi." Tuungane vikundi, tutumie kipimo kimoja, kazi ya Kibera isitofautiane na ya Kawangware. Vikundi vya vijana, wanawake na walemavu vijiandikishe, maana sheria imewatengea asilimia 30 ya tenda.

Ndugu, ruhusa hutolewa kwa ushahidi. Tusiwe sisi wenyewe ushahidi huo.

Harambee!