Bakteria Wanaokula Mafuta: Udongo na Visima vya Thange

(Hotuba kwa kamati za maji, Kibwezi Mashariki)



Mei 2015, bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi, mali ya kampuni ya Kenya Pipeline, lilivuja hapa Thange. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1978. Mafuta yalipenya udongoni, yakafika mtoni na kwenye maji ya chini ya ardhi. Machi 2019 bomba jingine likavuja kule Kiboko. Mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru wakazi wa Thange walipwe fidia na eneo lisafishwe. Mto wetu humwaga maji yake katika Mto Athi, ambako ng'ambo ni wenzetu wa Kitui. Kwa hivyo jambo hili si la kijiji kimoja.

Je, udongo ulioingiwa na mafuta unaweza kupona? Ndiyo. Udongoni mna bakteria ambao chakula chao ni mafuta. Huyavunjavunja hadi yakabaki maji na hewa ya kaboni. Mara nyingi wamo tayari, ila wanakosa hewa, unyevu, nitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana udongo hutandazwa, hupinduliwa, hunyunyiziwa maji na kutiwa mbolea. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, Marekani, mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea ili bakteria wa pale pale wapate nguvu.

Huku kwetu kukavu, udongo usiponyunyiziwa maji, bakteria hulala. Chini ya ardhi hewa ni haba, hivyo husukumwa kwa mashine kupitia mashimo yaliyochimbwa. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine miaka.

Sasa naomba tusikilizane vizuri. Kuchemsha maji huua viini vya magonjwa, lakini si njia ya kusafisha maji yenye petroli. Benzini, kemikali mojawapo ya petroli, husababisha saratani ya damu, na inaweza kuwamo katika maji yasiyo na rangi wala harufu. Pua si maabara.

Mkiambiwa kisima kimepona, ombeni karatasi ya maabara. Ulizeni: sampuli ilitoka kisima kipi? Tarehe gani? Kilipatikana kiasi gani, na kinachoruhusiwa ni kipi? Kipimo kimoja hakitoshi. Rudieni baada ya mvua, kwa sababu maji ya ardhini yakipanda huweza kuyafikia mafuta yaliyonasa udongoni.

Bakteria watafanya kazi yao wakitunzwa. Kazi yetu ni kudai kipimo kabla ya mtungi wa kwanza kutekwa.