Mshale Unapanda, Gari Halitembei



Leo tuzungumze juu ya magari yanayotumia petroli pamoja na umeme wa betri, yakiwemo yale yanayochajiwa kwa waya. Katika baadhi ya magari hayo, mbele ya dereva kuna geji ya nguvu yenye mshale. Mshale huo unaonyesha nguvu inayokwenda kwenye magurudumu. Hauonyeshi mwendo.

Sisi wa Magu, Kwimba na Misungwi tunaijua mbuga yetu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unateleza kama kambale. Dereva akikanyaga mafuta, mshale unaruka juu, mara unaanguka. Wengine husema, "Gari limekufa!" Sivyo, ndugu. Gurudumu limezunguka bure, nayo kompyuta ya gari imepunguza nguvu. Gurudumu likiendelea kuzunguka bure, linachimba shimo lake lenyewe.

Ukiachia mafuta, mshale unakwenda upande wa kuchaji, maana magurudumu sasa yanazungusha mota ili ijaze betri. Gurudumu likiteleza wakati huo, kuchaji huweza kukatika, breki za kawaida zikashika kazi. Basi tupunguze mwendo mapema.

Likikwama tufanye nini? Tutoe tope, tutie matawi au mawe chini ya gurudumu, kisha tukanyage polepole. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya gurudumu.

Pengine ndani yumo mama mjamzito anayepelekwa Bugando. Tukichimba shimo kwa haraka zetu, tutamchelewesha zaidi. Haraka haraka haina baraka. Macho yetu yawe barabarani, siyo kwenye mshale.